Saa ya Uchumba Inaniunguza Mkono, Nikiivua Naambiwa Nimerudisha Posa

Admin, jina langu lifiche tafadhali, maana Ujiji tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, naishi na mama yangu mjane, kazi yangu kuanika na kuuza dagaa. Nimeposwa, na Ijumaa hii wanaleta mahari. Ila mkono wangu wa kushoto una kidonda, na huyo mwanaume ndiye anayekizuia kisipone. Nimechoka, wallahi nimechoka.

Mchumba wangu yuko Dar, anauza simu na vifaa vyake. Wenzangu wakiposwa huletewa pete na kanga. Kwangu mie mshenga alifungua kisanduku mbele ya wazee, ndani mna saa janja, hizi za kisasa zenye laini yake, zinazopima mapigo ya moyo na kuonyesha mtu ulipo. Ndugu za mchumba wakapiga vigelegele, nikavishwa. Siku hiyo nilijiona malkia, sitaki kuwadanganya. Mama akaninong'oneza palepale, "Kishika uchumba hakivuliwi hovyo, mwanangu. Ukikivua ndiyo umerudisha posa."

Kumbe taarifa zote zinakwenda kwenye simu ya mchumba! Wiki ileile nimebeba ndoo ya dagaa kutoka mtumbwini kupeleka kichanjani kuanika, simu ikaita. "Mbona moyo unakwenda mbio hivyo? Uko na nani?" Nikamwambia niko na ndoo. Akacheka, nami nikacheka, nikajua ndiyo mapenzi hayo. Baadaye hakucheka tena. Nikiivua nioge, anapiga. Nikichelewa kupokea, anampigia mama. Mie nina mdomo, mtaani wananijua, lakini kwake nilikuwa naufyata kwa sababu ya mama.

Mwezi wa pili wa kuivaa, muwasho ukaanza. Vipele vidogo chini ya saa, halafu vikawa malengelenge, ukichanganya na jasho na maji ya dagaa ndiyo balaa. Mama akasema ni husda, watu wameionea jicho. Akanisomea dua, akanipaka mawese, kisha akaifunga saa juu yake. Msinicheke jamani, kwetu Kigoma mawese ni dawa, mtoto akiungua anapakwa mawese, akipata upele anapakwa mawese. Sasa ile saa ilikuwa inapata moto, na yale mafuta yakawa yanapata moto nayo. Ngozi ikachubuka yote.

Nikaenda kwa fundi simu mmoja kule Gungu. Akaishika, akaiweka chini haraka. "Dada, huko ufukweni mtandao unakatika, saa inautafuta kutwa nzima, ndiyo maana inachemka. Halafu betri imeanza kuvimba. Usiivae tena hii." Nesi wa zahanati naye akaniambia kidonda kinataka hewa. Nikamuuliza, je, nikifunga bandeji halafu nikaivaa juu yake? Yule nesi alitikisa kichwa, akaandika dawa. Na mie mjinga nikatoka pale nikaivaa.

Juzi saa tano asubuhi, jua linawaka, niko kichanjani nageuza dagaa. Ghafla nikahisi kama mtu kanibandika kaa la moto. Nikaushika mkanda kuufungua, unateleza mafuta, haufunguki. Nikauvuta kwa nguvu mpaka ukatoka na ngozi. Nikaitupa saa mchangani, nikapiga yowe, kina mama wenzangu wakanimwagia maji. Sijapumua vizuri, simu inaita.

"Umeivua. Uko na nani?"

"Imeniunguza! Mkono wangu umeungua!"

"Ninauza hizi kila siku, hakuna aliyewahi kuungua. Ivae."

Basi hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia, "Njoo uivae wewe!" Nikakata simu.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mama analia. Mchumba ameshampigia. Ameambiwa binti yake ameivua saa na kumtukana mchumba, kwa hiyo kama posa tunarudisha tuseme mapema, wasijisumbue kuja. "Unataka kuniua kwa aibu? Watu nimeshawaalika, hata baba zako wadogo wako njiani." Naye si mama mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa ananiosha kidonda, ananipulizia nisiumie, na huku machozi yanamtoka ananiambia, "Vumilia mwanangu, ni mpaka Ijumaa tu." Nikamuuliza, na baada ya Ijumaa? Akaendelea kupuliza.

Nikajishusha. Nikasema labda kosa ni langu, yule yuko mbali, hajakiona kidonda, angekiona asingesema vile. Leo asubuhi nimefungua bandeji, nikapiga picha vizuri mwangani, panaonekana pamechubuka mpaka nyama nyekundu. Nikamtumia, nikaandika, "Mume wangu, ona nilivyoungua." Nikaona ameifungua. Nikasubiri. Kama angesema pole tu, ningemsamehe yote, nawaapia.

Akajibu, "Pole mke wangu. Basi hamishia mkono wa kulia."

Nimeusoma ujumbe huo sijui mara ngapi. Nikamsomea na mama. Nilidhani atashtuka. Mama kavuta pumzi, kasema, "Si unaona? Amekubali usiivae kwenye kidonda." Kaichukua saa, kaifuta mchanga, kaichomeka chaji, na sasa hivi ananiita huko ndani.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Ndugu zangu mnaosoma hapa, niwarudishie watu posa yao na mama yangu abaki na aibu hii mji mzima, au niupeleke na huu mkono mzima? Nishaurini, na mnijibu upesi. Nifanye nini?