Kaseti ya Ugomvi wa Wakonyo

Mzee Wamae aliitua deki juu ya meza ya fundi bila salamu.

"Umeua kitu yangu," akasema.

Mutuku, fundi wa redio mtaani Skuta, aliitambua mara moja. Deki ya kaseti ya zamani, nzito kama debe la viazi. Mpira wake wa kuzungusha kaseti aliubadilisha yeye mwenyewe juzijuzi tu.

"Habari ya Mweiga, mzee?"

"Sikuleta habari. Imekula kaseti. Fungua uone kazi yako."

Nyuma yake alisimama Kagure, mke wa mwanawe Theuri. Walikuwa wametoka Mweiga pamoja bila kusemezana. Tangu Wakonyo, mke wa mzee, azikwe, Wamae hakuwa na neno kwa mke wa mwanawe ila la kumfokea.

Kaseti yenyewe ilikuwa barua. Zamani Wamae alichunga ng'ombe wa watu upande wa Nanyuki, na yeye na mkewe hawakujua kusoma. Wakonyo akikasirika, alisema yake kwenye kaseti, akampa mtu aipeleke. Zote zimepotea, imebaki hiyo. Ndani yake hamna neno zuri hata moja. Wakonyo anagomba toka mwanzo hadi mwisho, na Wamae alikuwa akimsikiliza kutwa. Upande ukiisha, anageuza. Deki haizimwi.

Mutuku alifungua skrubu. Harufu ya kuungua ikatoka. Akagusa mpira, ukamnata kidoleni kama lami.

"Hii ni joto, mzee. Mpira ikilegea, hii gurudumu ya kukunja inasimama. Lakini hii ingine bado inasukuma ukanda. Sasa ukanda itaenda wapi? Inajirundika hapa ndani. Unaiweka karibu na moto?"

"Iko kwa meza. Wewe uliweka mpira ya bure."

"Iko chini ya kitambaa," alisema Kagure.

"Nani amekuuliza?"

"Kitambaa ya kufuma, fundi. Nzito, na imekunjwa mara mbili. Imefunika hizo tundu zote za juu."

Mutuku akazipitishia kidole zile tundu. "Hii ndio pua yake, mzee. Umeiziba pua, halafu unataka ikimbie siku mzima."

"Marehemu mwenyewe ndiye alifuma, akaweka. Hakuna mtu wa kuitoa."

"Mimi niliitoa nifue," Kagure alimwambia fundi, kana kwamba mzee hayupo. "Akaniita mchawi mbele ya watoto."



Mutuku aliuchomoa ukanda kwa kibano, taratibu. Kipande cha urefu wa kiganja kilikuwa kimekunjamana, kingine kimevutika hadi kikawa kama uzi.

"Hapa hakuna dawa. Nikate hii, niunge. Hiyo ingine yote itaimba. Ukiacha hivi, hata mashine mzuri itaikula."

"Hukati."

"Basi beba uende."

"Utakata mke wangu, wewe mtu wa Machakos?"

"Hata Machakos tunafiwa, mzee."

Mutuku hakungoja jibu. Alirudisha ukanda kwenye kaseti, akaitia katika redio yake mwenyewe, akabonyeza. Sauti ya Wakonyo ikajaa kibanda, kali, haina haraka.

"Na ukirudi hapa na hiyo sukari yako, Baba Theuri, utajua..."

Halafu ikawa mvumo, kama mtu anayesema akiwa majini. Mutuku akazima upesi, akaiweka kaseti mezani.

Midomo ya Wamae ilikuwa ikienda pamoja na ile sauti. Ikasimama. Aliyatafuta maneno yanayofuata, maneno aliyoyasikia jana na juzi, asiyaone. Akashika ukingo wa meza.

"Utajua," alisema. "Utajua..."

"Utajua mimi si ng'ombe wa kutulizwa na chumvi," alisema Kagure. Aliyaburuta maneno vilevile kama mama mkwe, kwa dharau ileile. "Kaa huko huko na ng'ombe zako, na usilale ukidhani nakungoja."

Mzee aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama usoni.

"Umejulia wapi?"

"Ukuta ni wa mbao, Baba. Huyo mama amenigombeza akiwa hai, na bado ananigombeza."

"Sema tena."

"Sisemi. Mchawi hasemi."

 Wamae akamsukumia fundi ile kaseti.

"Kata," akasema. "Ikifika hapo umekata, huyu atakuwa anasema hayo maneno."

"Nani amekubali?" aliuliza Kagure.