Kikombe cha Babu Yake Sultani

Nikikanyaga kijijini Mkongo sasa hivi, kuna watu wakiniona tu wanachukua kata ya maji wanaificha mgongoni, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili. Ngoja niwasimulie, maana nyie mmesikia vipandevipande, tena vimetiwa chumvi (ile ya kwamba nilimpulizia mbwa mdomoni si kweli, nilimpulizia puani).

Miaka hii ya ruksa, serikali imefungulia biashara, kila kijana wa Kibiti ana biashara kichwani hata kama mfukoni hana kitu. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa napika na kufua kwa mzungu mmoja aliyekuwa na kazi zake huko delta, na alipomaliza mkataba akaniachia mbwa wake, Sultani. Jamani, Sultani! Mfupi, kifua kama pipa, uso umebonyea kama aliyegonga ukuta akiwa mbioni, mashavu yameshuka kwa mikunjo, akilala anakoroma na akiamka anakoroma. Juu ya mbwa akanipa na picha ya babu yake Sultani, sura ileile, kasimamishwa mezani kavishwa utepe, pembeni kikombe kikubwa kinang'aa. Tulipoagana pale kivukoni Ndundu, pantoni inakaribia, mzungu akaniambia kwa Kiswahili chake, "Huyu hapana jua. Hapana kimbia." Nikaitikia ndiyo bwana, moyoni nikasema ndio hao, wanamfungia mbwa ndani kama mwali.

Mimi akili yote ilikuwa kwenye kikombe. Huku kwetu ukiona kiumbe kapewa kikombe unajua kashinda mpira au kashinda mbio, sasa mbwa mpira hachezi, kwa hiyo huu ni ukoo wa mbio. Nikaanza kuota: nimpandishe Sultani kwa majike ya huku, nitoe watoto, bonde zima lilindwe na wajukuu wa bingwa.

Jike nililolitaka lilikuwa la Mjomba Athumani, kiongozi wa msako wa nguruwe pori pale Mkongo. Jina lake Mtachoka (la kuwajibu majirani, mbwa wetu wengi wana majina ya namna hiyo), jembamba, pua ndefu, mbio kama limetupwa. Mjomba hakukataa, alisema tu kwamba kwanza amwone mkwe kazini, kwani nguruwe walikuwa wanamaliza mahindi yake na kesho yake kuna msako. Hapo ningenyamaza yangekwisha. Badala yake nikatoa picha, ikazunguka mkono kwa mkono, watu wakakitazama kikombe, na mimi nikanogewa, nikasema mbwa wa daraja hili hapendi kuchanganywa na mbwa shenzi, fungeni wenu, wangu aongoze peke yake. Na kwa sababu ya kikombe kile, wakafunga.

Tuliingia majanini jua limeshakolea. Nguruwe wakafurumushwa kichakani, mama na wanawe, nikamwachia Sultani. Alikimbia, siwezi kumsingizia, alikimbia vizuri tu kama kutoka hapa mpaka kwenye mpapai ule, halafu akasimama, akatoa sauti kama pampu ya baiskeli iliyoziba, ulimi ukageuka rangi ya zambarau, akaanguka. Nguruwe wakampita pembeni (mmoja aligeuka kumtazama, nadhani hata yeye alishangaa), wakaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya mjomba, na mbwa wenye kazi yao tunawasikia kijijini wanabweka kwenye kamba.

Mimi sikuwaona tena nguruwe wala mahindi. Nilimwona Sultani macho yamemtoka, ananitazama kama vile mimi najua la kufanya. Nikambeba, mzito kama gunia la mpunga, nikampulizia puani, wapi, nikakimbia naye hadi kwenye dungu la mjomba, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, na chini yake kivulini ndipo ilipowekwa ndoo ya maji ya kunywa ya wawindaji wote. Nikamtumbukiza kichwa. Kichwa kizima na udenda wake, ndani ya ndoo.

Mnaijua habari ya mate ya mbwa kwetu Waislamu, ni najisi. Ndoo ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, na maji ni ya kumwaga. Wawindaji wakafika, makoo yamekauka, kata mkononi, wakamkuta Sultani kazama mpaka masikioni. Mwenye kata akaificha mgongoni.

Bahati bwana mifugo alikuwa kijijini anachanja mbwa (walewale niliowafungisha), akaitwa, akaja mbio. Akasema mtoe humo utamzamisha, mloweshe tumbo na nyayo, mpepee. Nikamtazama mjomba, kwa sababu maji yaliyopo ni hayohayo na mahindi yaliyokwisha ni yake. Mjomba akachuchumaa, akamsikiliza Sultani anavyovuta pumzi kwa taabu, kisha akasukuma ndoo kwangu.

"Mmwagie yote," akasema. "Sisi leo tumeshafunga."

Hapo ndipo walipocheka, na sijui kama wamemaliza.

Nikammwagia, nikampepea kwa shati langu mpaka ulimi ukarudi mwekundu. Na mimi mnanijua, roho ikitulia naanza maswali. Nikamuuliza bwana mifugo mbwa huyu ana ugonjwa gani. Akasema hana ugonjwa, kaumbwa hivyo na watu: walipendezwa na uso mfupi, wakawa wanampandisha mwenye uso mfupi kwa mwenye uso mfupi zaidi, kizazi kwa kizazi, mfupa ukapungua lakini nyama za ndani zikabaki vilevile, zimejazana kama godoro la watu wawili ndani ya kiroba. Na mbwa hatoi jasho kama sisi, joto lake analitoa kwa kuhema, sasa huyu ahemee wapi?

Nikamtolea picha. "Na hiki kikombe kilikuwa cha nini?"

"Cha sura."

"Waliompa hawakumsikia anavyokoroma?"

"Wameshazoea. Wanaona ndiyo sauti yake."

Hata mimi niliuona mkoromo ule kuwa wa kitajiri. Akaniambia majike yao mengi hupasuliwa wakati wa kuzaa, kichwa cha mtoto hakipiti. Nikauliza (aibu imenijaa, lakini nataka kujua), je, akizaa na Mtachoka, watoto watapata pua? Akasema huenda, pua ingerefuka kidogo. Mjomba akadakia kwamba Mtachoka hajakosa wanaume wanaopumua.

Ndoto ikaishia hapo. Mahindi yaliyosalia niliyalinda mimi, msimu mzima nikipiga debe juu ya dungu lile, na Sultani chini kivulini. Juzi kijana mmoja wa Dar kanifuata, ana jike la sura ileile, anataka tuwapandishe watoke watoto wenye nyuso fupi zaidi. Nimekataa. Nimeapa, kikombe cha mtu au cha mbwa, nitauliza kwanza kilishindaniwa nini ndipo nishangilie.

Mchana Sultani hawezi kulala kichwa kikiwa chini, pumzi inakata. Anakuja, anaegemeza kidevu kwenye mguu wangu, pua juu, ndipo anasinzia. Wanaopita njiani wananitania, wananiomba maji ya kunywa. Siwajibu. Nikicheka mguu utatikisika.