Pini Iliyochomoza Unywele

"Shemeji, wenzio wameolewa, wamezaa, wamejenga mpaka ghorofa, wewe bado unapima konekta moja!"

Aliyekuwa analalamika ni fundi redio, mume wa mdogo wake Mama Unywele. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha vipimo, mikono mfukoni, anasubiri kebo yake ipimwe aipeleke mnarani kabla bosi hajampigia tena. Mama Unywele hakugeuka. Alikuwa ameinamia meza, jicho moja kalifumba kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Jina hilo walimpa mafundi wenzake, kwa sababu kwake kila kitu ni suala la unywele. Nyumbani mumewe alishanyoosha mikono. Akipigilia picha ukutani, mkewe yuko nyuma: "Baba, imepinda unywele." Na kweli ukiangalia imepinda, ila nani alimuuliza?

Kazini unywele huo ndio unaomlisha. Konekta, yaani vichwa vya kuunganishia kebo hizo, zina pini nyembamba katikati, na pini inatakiwa irudi ndani kidogo tu ya ukingo. Ikichomoza, ukaifunga kwenye mashine ya kupimia, inaisukuma pini ya mashine na kuivuruga. Na wakati wa kufunga inazungushwa nati tu; ukizungusha kebo yenyewe, pini zinasagana. Mdomo wa mashine ukishaharibika, nao unaharibu kila kebo inayofuata. Na mashine ni hiyo moja. Ikilala, chumba kizima kimelala. Ndiyo maana hakifungwi kitu pale bila kupita kwanza kwenye kipimo chake kidogo chenye sura ya saa. Hata kebo zake mwenyewe anazipima, utadhani zilimwibia.

Mshale ukaenda upande usiotakiwa.

"Pini imechomoza."

"Kiasi gani?"

"Unywele."

Fundi redio akaangua kicheko. "Yaani unywele ndio umenisimamisha hapa tangu asubuhi? Mbona jana iliingia vizuri tu?"

Mama Unywele akaiweka kebo chini, taratibu. "Iliingia wapi?"

Kicheko kikakatika. "Si hapa hapa. Ulikuwa umetoka kula, nikasema nisikusumbue, nijipimie. Majibu sikuyaelewa, ndio nimerudi."

"Ulizungusha nati, au kebo yenyewe?"

"Nati ilikuwa ngumu, shemeji, unajua tena..."

"Nati au kebo?"

"Vyote."

Hakugomba. Angegomba, shemeji yake angalau angepumua. Alichukua kipimo cha upande wa mashine, akakifuta, akakifunga kwenye mdomo wa mashine, kakishika kisicheze, akageuza nati peke yake, akamalizia kwa spana ndogo ya kukaza kwa kipimo, mpaka ikalia tik. Akasoma. Akakifungua, akakifunga upya, akasoma tena: pini ya mashine imesukumwa ndani, unywele. Halafu akafungua droo, akatoa kibao chekundu cha ISITUMIKE, akakitundika kwenye mashine. Kilikaa upande. Akakinyoosha.

"Sasa bosi nikamwambie nini? Shemeji?"

Mama Unywele akachukua mkoba wake, akampita pale mlangoni bila kumgusa, ingawa nafasi ilikuwa finyu, akashika korido.