Mfalme Aliyesuguliwa kwa Gunzi

Babu yangu Naftali wa Kikatiti aliamini jambo moja kuliko Katekisimu: kahawa iliyooshwa ikatakata ndiyo yenye bei. Ile inayokaukia ndani ya ganda lake, mbuni, ni ya kutupa. Kwa hiyo mwaka 1948, Mgiriki ambaye babu alimpikia miaka kumi na miwili alipouza shamba akarudi kwao na kumwachia sarafu mbili za kale za dhahabu za Hispania, babu alitafuta gunzi, jivu na mchanga. Moja aliisugua siku mbili mpaka ikang'aa, na mfalme aliyechorwa juu yake akabaki hana pua. Ya pili aliiacha na weusi wake wa uchafu wa miaka. Mikono ilikuwa imekataa.

Alichotaka ni binti yake Ruth amalize miaka minne shule ya bweni. Ada, shilingi tisini kwa mwaka.

Aliyeujua mji alikuwa Sadoki, jirani na rafiki yake na baba wa ubatizo wa Ruth. Akazipeleka zote mbili kwa sonara wa Kihindi pale Arusha, zikadiriwe. Akarudi na uso wa matanga.

"Baba Ruth, hii inayong'aa, sabini. Hii chafu hakuna anayeitaka."

"Si nilijua! Hiyo mbuni."

"Mbuni kabisa. Nipe kwa ishirini, nimtobolee mama watoto avae shingoni."

Babu akacheka, akazipokea zile shilingi ishirini haraka, jamaa asije akajuta. Tena alimwonea huruma!

Wiki iliyofuata akashuka mwenyewe kuuza ile safi. Sonara akaigeuza, akacheka.

"Mzee, nani amemnyoa mfalme mpaka pua? Nilimwambia mwenzako: hii nanunua kwa uzito tu, sabini. Ile nyeusi, sura na mwaka vinasomeka, wakusanyaji wa sarafu za kale wanazitafuta za namna hiyo. Nimempa mia tatu."

Babu alipanda mlima moja kwa moja hadi kwa Sadoki.

"Ulijua?"

"Nilikupa bei, ukaikubali. Tena ulicheka."

Kwa sabini na zile ishirini Ruth akasoma mwaka mmoja, akarudishwa kuchuma kahawa. Krismasi Sadoki akaja na kilo mbili za sukari, akasimama mlangoni akisubiri shikamoo ya mtoto wake wa ubatizo.

"Habari yako," Ruth akamwambia, kama anasalimia mtoto wa jirani.

Babu, aliyewahi kuchapa watoto kwa shikamoo iliyosahaulika, aliendelea kumenya ndizi.