Benchi la Vifungo

Usiku ule nililala na udhu kama kawaida yangu, lakini moyo haukutulia. Asubuhi meneja alikuwa anangoja jibu langu.

Mimi ni msimamizi kwenye karakana ya kushona sare za shule, hapa Morogoro. Enzi za marehemu Bi Zuhura, aliyenifundisha kazi na ambaye nafasi yake ndiyo nimeirithi, palikuwa na benchi dirishani la kushonea vifungo kwa mkono. Mwanamke akiamka vibaya, mimba inamsumbua, dawa zimemlegeza, au ana jambo lake tu, anaacha cherehani anakwenda kukaa pale. Hakuna anayemuuliza. Akipata nafuu anarudi.

Sasa imeletwa mashine ya vifungo, na benchi wamelitoa. Siku ya kwanza tulicheka. "Hii haina mkwe wala mtoto wa kuharisha," Mama Shabani akasema, "tutashindana nayo wapi?" Kicheko kikaisha meneja aliponiita ofisini. Ni binti mdogo kwangu, ana adabu zake. Akasema, "Mama Latifa, mikataba inasainiwa upya. Niambie nani mjamzito, nani anaumwa, nani yuko kwenye dawa. Hao siwezi kuwaweka kwenye mashine mpya." Nikamuuliza, watakwenda wapi? Akasema nimletee majina kesho asubuhi.

Mmoja wao namjua. Nitamwita Rehema, si jina lake. Habari yake aliniambia mwenyewe, tumesimama nyuma ya majora ya vitambaa, kanishika mkono. Nikiitaja, hana kazi. Nikisema sijui, nimesema uongo, na mimi naswali.

Ndivyo nilivyolala.

Nikajikuta karakanani. Cherehani zote zimefunikwa mashuka meupe. Benchi lipo mahali pake, na Bi Zuhura kakaa, miwani imeshuka puani, anashona vifungo kwenye shati ambalo mkono wake umetambaa sakafuni mpaka mlangoni. Sikuogopa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

Akasema, "Kaa. Mbona umesimama kama mgeni?"

Nakaa. Lakini benchi si benchi tena, ni kitanda cha kuoshea maiti, na tuko uani kwake, siku ile tuliyomwosha. Kata ya maji iko mkononi mwangu. Yeye kalala, na papo hapo yuko ubavuni kwangu, ananikagua ninavyomwosha kama alivyokuwa akikagua mshono wangu.

"Taratibu," anasema. "Unaniosha kama umekimbizwa."

Nataka kucheka, kicheko hakitoki. Nyuma ya pazia wamesimama wanawake wote wa karakana, na mbele yao meneja. Anauliza kwa adabu ileile, "Mama Latifa, umeona nini?"

Nafungua kinywa kumjibu. Kimejaa vifungo. Navitema, vinakuja vingine, vinagonga sakafu, na Rehema kapiga magoti anaviokota kimoja kimoja, ananitazama. Natema. Anaokota. Pazia linaanza kusogea.

Hapo Bi Zuhura akanishika mkono. Kidole chake kilikuwa bado na sugu, pale sindano ilipokuwa inakaa.

"Uliniosha wewe," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukaona."

"Niliona."

"Na watu wakakuuliza."

"Waliniuliza. Hata mdogo wako aliniuliza."

"Ukawadanganya?"

Nikafikiri. Maji yalikuwa yamesimama hewani, hayadondoki. "Sikuwadanganya. Niliwaambia mwili wa mtu siusimulii."

Akanitazama juu ya miwani. "Sasa hawa walio hai," akasema, "wamekukosea nini?"

Akainuka. Akalikunja lile benchi kama mkeka, akalipachika kwapani kwangu. Lilikuwa zito. Nikamuuliza nilipeleke wapi, na uani hapakuwa na mtu.

Niliamka bega linaniuma, na msikitini wanaadhini alfajiri. Nikaswali, nikamwombea Bi Zuhura. Nilichokiona siku ile tunamwosha nimekaa nacho miaka yote hii, na hata hapa sikisemi.

Latifa, binti yangu, alinikuta jikoni nimevaa tayari, chai sijaigusa. Alijua nililala na nini.

"Mama, utamwambia nini?"

"Kwamba mwili wa mtu siusimulii. Mwenye jambo lake atalisema mwenyewe, akitaka."

"Akikutoa usimamizi?"

Nikajitanda khanga.

"Kabla hajanitoa," nikamwambia, "ataniambia kwanza benchi wameliweka wapi."