Mitaro Kumi na Mmoja

Kadi ya kazi ya Sulemani Ramazani ilipigwa muhuri tarehe 4 Septemba 1961, wakati Bujumbura ingali ikiitwa Usumbura, na mstari wake wa nne unasema kwa Kifaransa kwamba macho yake ni mazuri.

Yalikuwa mazuri kweli. Alikuwa mshona magunia katika ghala moja la kahawa bandarini. Bujumbura haina reli. Stesheni yake ni bandari. Kahawa huvuka ziwa kwa meli mpaka Kigoma, na huko ndiko hupanda treni. Sulemani hakuwahi kuiona treni hata siku moja. Alichojua ni kwamba gunia lililoshonwa ovyo hupasukia njiani, na aibu humrudia mshonaji. Kwa hiyo alikaza uzi wa katani, na kila gunia alilifunga masikio mawili pembeni ili mpagazi apate pa kushika.

Macho yalianza kufifia mwaka 1965. Daktari alisema hakuna dawa. Kufikia mvua za 1968 alibaki kutambua mwanga na giza tu, lakini mishono yake ilikuwa ileile. Kapita wa ghala, yaani msimamizi wao, Sylvère, aliijaribu kwa kidole, kisha akamwita kando.

"Muzee Sulemani, mikono yako mi naitaka," alisema. "Lakini bureau wanatafuta watu wa kupunguza. Siku utaletwa hapa na mutu amekushika mukono, ao king'ora kilie haujafika, patron ataona. Na mi sitakuwa na neno la kusema."

"Nitafika mwenyewe."

"Utafika namna gani?"

"Kama ninavyofika leo. Ulinipitia nyumbani?"

Wapagazi walicheka. Mmoja akasema, "Muache, kapita! Gunia lake limeshonwa vizuri kuliko suruali yake."

Namna ya kufika alikuwa ameitafuta peke yake kwa miezi minane. Aliishi Buyenzi, barabara ya kumi na saba. Buyenzi imepangwa kama karatasi ya hesabu: barabara zimenyooka, zina namba, na kila moja ina mtaro wa maji. Fimbo ikizama, huo ni mtaro mmoja, anaruka, anahesabu. Akishavuka wa kumi na moja amefika barabara ya sita, na hapo hugeuka kushoto, jua la asubuhi likimchoma kisogo. Baada ya hapo pua ndiyo inayoongoza: bizari ikisagwa kwenye duka moja la Asiatique, yaani Mhindi, halafu mafuta ya mazuti ya malori, halafu vumbi la saruji, mwisho kahawa na ziwa. Bila kumi na moja hiyo, pua haikuwa na pa kuanzia.

Novemba, mara moja tu, aliteleza akaingia mtaroni hadi kiunoni. Alidhani hakuna aliyeona. Aliyeona ni Mwantum, mke wa jirani yake.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Mwantum alimwambia mumewe Shaabani, fundi wa magari, kwamba haifai jirani avunjike mguu na wao wamefunga wanaomba thawabu. Jumapili alasiri, Sulemani akiwa amelala, Shaabani alichukua mbao za makreti kutoka gereji yake, akaziba mitaro miwili iliyo karibu zaidi na mlango wa Sulemani, akatandika magunia makuukuu juu yake, akashindilia udongo hadi pakawa sawa na njia. Mbao zikamwishia hapo. Hawakumwambia Sulemani. Sadaka ya mwezi mtukufu ukiitangaza umeila mwenyewe. Ndivyo walivyolelewa, na Sulemani alilelewa hivyohivyo.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba, alitoka mapema kama kawaida. Mawingu yalikuwa mazito. Alishangaa kidogo kuona mtaro wa kwanza umechelewa, akadhani ni miguu ya mtu aliyefunga, mizito baada ya daku. Akahesabu mmoja. Akaendelea mpaka kumi na moja, akageuka kushoto. Jua halikuwepo la kumwambia lolote.

Bizari haikuja.

Alitembea hatua mia mbili zaidi. Ilikuja harufu ya majivu yaliyolowa, kisha ukuta. Aliupapasa mpaka mwisho wake, akakuta ukuta mwingine. Akarudi, lakini kurudi wapi? Mtaro alioukuta sasa haukuwa na namba. Alisimama katikati ya mji aliozaliwa, akiwa na fimbo mkononi na hesabu iliyomfia kichwani, mpaka king'ora cha bandari kikalia upande ambao hakuutarajia.

Mwanamke mmoja muuza maboga alimkuta hapo. "Baba, unatafuta nini kwa ukuta?"

"Bandari."

"Bandari? Umeiacha nyuma. Leta mukono."

Alitoa mkono. Angeweza kukataa, lakini angebaki palepale.

Patron, mwenye ghala, alikuwa getini. Alitazama ule mkono wa mwanamke, akatazama saa. Sylvère ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Muzee, ulete kadi." Sulemani akaitoa mfukoni.

Magharibi Mwantum alimletea uji wa futari, na Shaabani nyuma yake. Sulemani aliwaambia kwamba kazi imekwisha, amepotea njia. Hakueleza zaidi; alikuwa bado hajaelewa. Mwantum akalia, na katika kulia siri ikamtoka.

"Na sisi tulikutengenezea njia, kaka! Mitaro miwili yote tumeziba, usianguke tena."

Sulemani aliweka bakuli chini. Akahesabu kimya: kumi na moja, na miwili. Barabara ya nne. Sasa alijua ule ukuta ulikuwa wapi.

"Ni nyinyi," alisema.

"Ni sisi," alisema Shaabani, kwa haya ya mtu aliyeumbuliwa katika wema. "Ijumaa nikipata mbao nitaziba na mingine."

Kulikuwa na maneno ya kuwaambia, na Sulemani alikuwa nayo. Lakini mwanamke bado alikuwa akifuta machozi, na uji ulikuwa wake, na mwezi ulikuwa ule mtukufu.

"Mungu awalipe," alisema. "Zibeni. Hata mingine."

Alhamisi alfajiri lori la samaki lilimpeleka Rumonge kwa dada yake Asiya, ambako alikaa uani, kwa sababu hakujua mtaro hata mmoja wa huko.