Capitoline Alipomzika Mtakatifu Wake

Capitoline hakuwa mwoga, jamani. Mtu aliyekimbia Burundi na mtoto mgongoni, akamlea kambini Kasulu, akaja kufua mashuka ya hoteli Houston, huyo humtishi kwa maneno. Lakini Jumapili ile, Padre alipotangaza habari za mfupa, hofu ilimwingia.

Kanisani kwao Sharpstown kulikuwa na sanduku la kioo lenye kipande cha mfupa: Mtakatifu Benigna, shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani, aliyefukuliwa Roma kwenye makaburi ya chini ya ardhi walikozikwa Wakristo wa kwanza. Akitoka kazini, Capitoline humpigia magoti. Green card, kibali cha kuishi Marekani, ikichelewa, Benigna. Gari likigoma, Benigna. Na sasa bintiye Amandine ana mimba kubwa, presha juu, miguu imevimba hata viatu haviingii. Benigna, Benigna, Benigna!

Kumbe wataalamu wamechunguza. Kaburi lile halikuwa na jina, Padre akasema. Waliolifukua zamani walidhani kila aliyelala mle ni shahidi, wakampachika jina. "Hatumjui. Alhamisi tutamzika kwa heshima."

Capitoline alimkimbilia mlangoni. "Padre, kama si Benigna, nilikuwa namwita nani?"

"Mkristo wa zamani, mama, pengine. Pengine hata si mwanamke."

Pengine! Mtu ana mgonjwa nyumbani, wewe unampa pengine? Bibi yake alimwonya tangu utotoni: maiti haitwi kwa jina la mwingine, utaamsha usiyemtaka. Aliogopa, tusifichane. Maombi yote yale yalimwangukia mtu asiyemjua, na huenda mwenyewe amekasirika.

Alhamisi, wakiwa makaburini, mkwewe Macaire, mume wa Amandine, akapiga simu. "Mama, presha imepanda vibaya. Wamemwingiza kwa operesheni sasa hivi. Usikate."

Waumini walitupia udongo mmoja mmoja, zamu yake ikafika. Ngumi imejaa udongo, simu sikioni, mkono umegoma. Akimfukia huyu, nani atabaki wa kumwombea Amandine? Asipomfukia, anang'ang'ania maiti ya watu. Nyuma yake watu wakaanza kukohoa.

"Mama wee," alinong'ona akiinamia shimo, "au baba, sikujui. Nisamehe kwa lile jina. Mtoto wangu anaitwa Amandine. Usimwache, nakusihi."

Akaachia udongo.

Alibaki ukingoni, simu sikioni, wengine wakimalizia zamu zao. Kisha Macaire akaangua kilio, na Capitoline nusura atumbukie kaburini.

"Mama, wazima! Wote wawili wazima!"

Alifungua mdomo atoe asante. Amshukuru nani? Wachimbaji walishaanza kushindilia udongo. Akaogopa kuliko mwanzo, maana sasa alijua yupo aliyesikia.